Sababu za Ugumba, Hasa kwa Wanaume, na Haki ya Mke Asiyezaa

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Dzaleka na Lilongwe

 



Jambo lililochaguliwa kuzungumzwa katika mkutano huu ni jambo ambalo kwa desturi husemwa kwa kunong'onezana, tena nyuma ya mlango. Nalo ni jambo la mume na mke kukaa katika ndoa miaka mingi wasijaaliwe mtoto. Wako watakaoona haya kulisikia likitajwa hadharani. Lakini haya haikuwekwa ili iwazuie watu kutafuta elimu. Wanawake wa Madina walikuwa wakimwendea Mtume, sala na salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, wakamwuliza mambo ya miili yao na tohara zao bila ya kuficha, naye akawajibu kwa upole. Na wahenga nao walikwisha kusema, mficha uchi hazai. Methali hii hutumiwa kwa mambo mengi, lakini katika jambo hili ni kweli tupu, kama itakavyobainika.

Kambi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini ya mji wa Lilongwe. Kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 palikuwa gereza, na jina lake kwa Kichewa ni neno la mtu aapaye kwamba hatarudia tena. Mahali palipokusudiwa watu 10,000 au 12,000 sasa panakaa watu zaidi ya 50,000. Mtu wa Uvira na mtu wa Kasongo, mtu wa Buyenzi na mtu wa Rumonge, kila mmoja aliacha nyumba yake na makaburi ya wazee wake, wakakutana hapo katika lugha ya Kiswahili na katika safu za sala. Kwa mtu aliyepoteza vyote hivyo, mtoto ni zaidi ya furaha ya nyumba. Mtoto ni jina la baba aliyezikwa mbali, na ni ushahidi kwamba ukoo haukukatika njiani.

Kwa sababu hiyo, mahali kama hapo, ndoa isiyo na mtoto huwa na uchungu mkubwa kuliko kwingineko, na uchungu huo kwa kawaida humwangukia mtu mmoja tu. Na apigiwe mfano mke aliyeolewa Dzaleka, akakaa miaka minne asipate mimba. Mwaka wa kwanza watu humwombea dua. Mwaka wa pili mawifi humtazama tumbo. Mwaka wa tatu huanza kunyweshwa mizizi, akafungwa hirizi, akapelekwa kwa huyu na kwa yule, na kila apelekwapo hulipa. Mwaka wa nne huandikiwa talaka. Katika miaka yote hiyo minne, mumewe hakupimwa hata mara moja. Tena mke huyo akiambiwa arudi kwao, kwao ni wapi? Kwao ni ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika kijiji alichokikimbia usiku. Mke wa mjini mwenye wazazi karibu huachwa akarudi kwa mama yake. Mke wa kambini huachwa akabaki palepale, jirani na aliyemwacha, akitazamwa.

Basi yafaa kuulizwa kama hukumu hiyo ni ya haki. Jawabu la matabibu ni kwamba mara nyingi si ya haki hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani husema kwamba ugumba ni kukosa mimba baada ya mume na mke kukutana kwa kawaida muda wa miezi 12 au zaidi, bila kutumia kizuizi chochote. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 shirika hilo lilieleza kwamba yapata mtu mmoja katika kila sita duniani hupatwa na hali hiyo katika maisha yake, na kwamba nchi tajiri na nchi maskini hazipitani sana katika hesabu hiyo. Ama kuhusu chanzo, yajulikana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zilizokosa mtoto, mume ana sehemu yake katika sababu, ama yeye peke yake, ama yeye pamoja na mkewe. Kwa maneno mengine, anayemlaumu mke kabla ya kumpima mume ni kama kadhi anayekata shauri kwa kumsikiliza mdai mmoja.

Ili sababu zifahamike, kwanza ifahamike namna mbegu ya mwanamume inavyotengenezwa. Mwenyezi Mungu kwa hekima yake aliziweka korodani nje ya mwili, kwa kuwa kazi yao hutaka baridi ya nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Mbegu moja huchukua siku zipatazo 70 mpaka ikamilike, kisha hupita katika mrija mwembamba uliojizongazonga, humo ikakomaa na kupata nguvu ya kwenda. Basi madhara yanaweza kuingia katika njia tatu. Yanaweza kuharibu kiwanda chenyewe, yaani korodani. Au kuziba njia. Au kuvuruga amri zinazotoka katika ubongo, ambazo huziamrisha korodani zifanye kazi.

Sababu ya kwanza, na ambayo katika Afrika imeangamiza vizazi vingi, ni maradhi ya zinaa. Kisonono na klamidia, visipotibiwa mapema, huacha makovu katika mirija ya mume na katika mirija ya mke, njia ikafunga. Tena klamidia mara nyingi haina maumivu, na mtu huwa nayo asijijue. Watu wa Kongo wana ushahidi wa jambo hili katika historia ya nchi yao wenyewe. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanywa Kongo kutoka mwaka 1955 hadi 1957 ulionyesha kwamba katika baadhi ya sehemu za Équateur na za kaskazini mashariki, wanawake wengi ajabu walifikia uzee bila ya kuzaa hata mtoto mmoja. Wako waliosema ni laana, na wako waliosema ni uchawi. Wataalamu waliona kuwa chanzo kikubwa kilikuwa maradhi ya zinaa, na dawa ya penisilini ilipoenea, uzazi ulipanda. Na mwaka 1985 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi nyingi, yakaonyesha kwamba ugumba utokanao na mirija kuzibwa na maradhi ulikuwa mwingi Afrika kuliko mabara mengine. Hapa ndipo ionekanapo hekima ya sheria inayokataza zinaa. Lakini ionekane pia kwamba mke mwenye staha asiyetoka mlangoni anaweza kuletewa maradhi hayo na mume, kisha akalaumiwa kwa kutozaa.

Sababu ya pili ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo mwanamume huisikia kama kamba zilizosokotana. Yapata wanaume 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao huzaa bila taabu. Lakini kati ya wanaume waliokosa uzazi, hupatikana kwa zaidi ya theluthi moja. Damu hutuama hapo, joto likazidi, mbegu zikapungua. Mara nyingi daktari huweza kuirekebisha kwa kupasua.

Kisha kuna matubwitubwi. Kijana aliyekwisha balehe akiugua matubwitubwi, maradhi hayo yanaweza kushuka katika korodani na kuzidhoofisha. Kuna korodani zisizoshuka tangu utotoni, ambazo mzazi hana budi kumpeleka mtoto kwa daktari mapema, wala asingoje akue. Kuna kichocho, ambacho wakazi wa mwambao wa ziwa Malawi wanakijua sana: wadudu wake hutaga mayai hata katika viungo vya uzazi vya mume na vya mke, na uchunguzi uliofanywa kwa wavuvi wa Mangochi umelithibitisha jambo hili. Dawa yake, praziquantel, ni maarufu. Ama matende na mabusha, Mwenyezi Mungu amewapunguzia watu wa Malawi, kwani mwaka 2020 nchi hii ilithibitishwa kuwa imeyaondoa maradhi hayo yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Hilo ni somo kwamba maradhi yanayoshughulikiwa na wote huweza kuisha.

Sasa yafuata mambo ya mazingira, yaani yale yanayomzunguka mtu katika kazi yake na mahali akaapo.

Katika mji wa Lathrop, jimbo la California, Marekani, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongoni, iitwayo DBCP. Mwaka 1977 wafanyakazi wake walianza kuzungumza wao kwa wao, wakagundua kwamba wengi miongoni mwao wake zao hawapati mimba. Walipopimwa, wengine walikutwa na mbegu chache mno, na wengine hawana kabisa. Dawa hiyohiyo ilikuwa ikitumiwa katika mashamba ya ndizi ya Costa Rica na nchi nyingine, na huko pia wanaume wengi wakapoteza uzazi wao. Baadhi yao walipoacha kazi hiyo mbegu zao zilirudi. Wengine hazikurudi kamwe. Lenye kuzingatiwa hapa ni kwamba kila mmoja wa watu wale alikuwa amenyamaza nyumbani kwake, akidhani ni fungu lake peke yake, na mkewe akidhani ni kosa lake. Siku walipotoa siri ndipo sumu ilipojulikana.

Sumu ile sasa imepigwa marufuku katika nchi nyingi, lakini mafunzo yake yamebaki. Nchi ya Dowa na Lilongwe na Kasungu ni nchi ya tumbaku, na mnada wake mkubwa uko Kanengo. Wakazi wengi wa Dzaleka, kwa kuwa mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, huenda kufanya ganyu katika mashamba ya jirani. Huko hunyunyiza dawa za wadudu kwa bomba la mgongoni, mikono mitupu na pua wazi, kisha hurudi na nguo zilezile wakalala nazo. Baadhi ya dawa za wadudu zinajulikana kudhoofisha mbegu za mwanamume. Na jani bichi la tumbaku, likiwa na umande, hupitisha sumu yake katika ngozi ya mchumaji, akashikwa na kizunguzungu na kutapika hata kama hajavuta sigara maishani mwake. Basi anayefanya kazi hiyo na avae mikono mirefu na glavu, afunike pua na mdomo, aoge na kubadili nguo kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto, wala asitie maji ya kunywa katika chupa ya dawa hata akiiosha mara saba.

Kadhalika kuna risasi, ile madini nzito iliyomo katika betri kuukuu za magari na katika baadhi ya rangi. Fundi anayevunja betri na kuyeyusha risasi uani mwake huivuta katika moshi, nayo hudhuru mbegu zake, na huharibu akili za watoto wanaocheza hapo. Kuna joto: mwenye kushinda mbele ya tanuri la matofali au la mikate miaka mingi huzinyima korodani ile baridi zinayoihitaji. Kuna sigara, ambayo hupunguza mbegu na mwendo wake. Kuna bangi, inayoitwa chamba katika nchi hii. Na kuna pombe, na mwenye kuzidisha kachasu huharibu ini lake na uzazi wake pamoja. Vitu hivi dini ilikwisha kuwatahadharisha watu navyo kabla ya hadubini kuonyesha madhara yake.

Wataalamu waliokusanya hesabu za nchi nyingi walitangaza mwaka 2017 kwamba katika Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand, wingi wa mbegu za wanaume ulipungua kwa zaidi ya nusu kutoka mwaka 1973 hadi 2011. Wenzao wengine wanabishana nao juu ya namna ya kuhesabu, na sababu bado inachunguzwa. Lakini yatosha kujulikana kwamba hata katika nchi tajiri mwanamume si ngome isiyobomoka.

Hapa pana kosa moja lililoenea, nalo ni kudhani kwamba nguvu za kiume ndizo uzazi. Sivyo. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake kamili, na katika manii yake isiwemo hata mbegu moja. Kwa hiyo zile dawa za nguvu zinazouzwa sokoni na katika vituo vya mabasi hazitibu ugumba. Na sindano za homoni ya kiume, ambazo vijana wengine hudungwa ili watune misuli, huufanya ubongo uache kuziamrisha korodani, na mbegu zikakoma. Mtu hutafuta uanaume, akapoteza ubaba.

Basi mume afanye nini? Apimwe. Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vyote anavyofanyiwa mke, kwani hakina kisu wala sindano. Mume hujizuia siku mbili hadi saba, kisha hutoa manii katika chombo safi, nayo hutazamwa kwa hadubini. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, mbegu milioni 16 katika kila mililita ndio mpaka wa chini wa kawaida. Aliye chini ya hapo anaweza kuzaa, ila huwa vigumu. Wanavyuoni wengi wameruhusu kutoa manii kwa haja ya matibabu, na wanasema bora zaidi iwe kwa msaada wa mkewe. Lakini manii haina budi kufika mbele ya mpimaji kabla ya saa moja kupita, nayo isipoe. Kwa hiyo mtu wa Dzaleka asiitoe nyumbani na kuibeba katika basi mpaka Lilongwe, bali aende aitolee hukohuko penye maabara. Na aliyetoka katika homa kali ya malaria karibuni apimwe tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu homa huzipunguza mbegu kwa muda. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kumhukumu mtu.

Yako mambo mawili ambayo baadhi ya watu huyakimbilia badala ya kupimwa. La kwanza ni desturi iliyoko katika sehemu za nchi hii, ya kumkodi kwa siri mwanamume mwingine, aitwaye fisi, amwingilie mke ili ipatikane mimba. Neno hilo ni moja katika Kichewa na katika Kiswahili, na maana yake ya kuingia usiku yaeleweka pande zote mbili. Hilo ni zinaa bila ya shaka, ni kuchanganya nasaba, na ni mlango wa kuingiza maradhi yale yale yazibayo uzazi. La pili ni kuoa mke mwingine. Sheria imeruhusu mitara kwa mwenye kuweza kufanya uadilifu. Lakini anayeoa mke wa pili kwa kutafuta mtoto, na ilhali ila iko kwake mwenyewe, huwatia wanawake wawili katika huzuni badala ya mmoja. Imepokewa kwamba Seyyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipojua kwamba mtu mmoja mgumba ameoa bila kumwarifu mkewe, alimwamrisha ende akamwarifu, kisha ampe hiari. Yaani ukweli wa mwili wa mume ni haki ya mke.

Na katika Kurani mna adabu nyingine ya kujifunza. Katika Surat Al-Imran, Nabii Zakariya, juu yake amani, alipobashiriwa mtoto alistaajabu, akautaja kwanza uzee wake mwenyewe, ndipo akautaja utasa wa mkewe. Hakumtanguliza mke mbele kama ngao. Na Bibi Aisha, mama wa waumini, hakupata mtoto wa tumbo lake, wala heshima yake haikupungua mbele ya Mtume wala mbele ya umma mpaka leo. Mwenye kumdharau mke kwa kutozaa na amkumbuke yeye kwanza.

Kwa wale ambao dawa na upasuaji havikuwafaa, baraza la wanavyuoni wa fikihi wa nchi za Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986, likaamua kwamba kutungisha mimba nje ya tumbo kunajuzu ikiwa mbegu ni ya mume na yai ni la mkewe, nao wako katika ndoa, pamoja na hadhari zote. Na kwamba mtu wa tatu akiingia kati, kwa mbegu au kwa yai au kwa tumbo, ni haramu. Na kwa ambao hata hilo hawaliwezi, mlango wa kulea uko wazi. Dzaleka haina upungufu wa mayatima. Mtoto hubaki na jina la baba yake, na mlezi hupata thawabu zake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mwisho, Waislamu wa pande mbili wanaombwa mambo mawili. Imamu na wazee wa Dzaleka, wanapoletewa shauri la talaka kwa sababu ya kutozaa, wamwulize mume swali moja kabla ya yote: je, wewe umepimwa? Kama hakupimwa, shauri lingoje. Na ndugu wa Lilongwe wakumbuke kwamba mkimbizi hatoki kambini ila kwa ruhusa, na kwamba tangu amri ya mwaka 2023 iliyowarudisha Dzaleka waliokuwa wakikaa mijini, wengi walipoteza biashara zao na hata nauli ya kufika hospitali hawana. Kumpa mtu nauli, kumpokea usiku mmoja, na kumfuata mpaka mlango wa maabara asione haya peke yake, ni sadaka ndogo. Lakini huenda ikaokoa ndoa, na huenda ikamwokoa mwanamke asiye na kwao pa kurudi.

Mwenyezi Mungu ndiye ampaye amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, na amtakaye wote wawili, na akamfanya amtakaye asizae. Hukumu ni yake. Lakini kutafuta sababu ni amri yake pia, na kumdhulumu mke kwa jambo lisilothibitishwa hakukuwa amri yake kamwe.